Mlinganyo wenye x chini ya mstari: tuutatue taratibu mpaka uishe

Kuna swali moja huwa nawapa wanafunzi wa twisheni siku ya kwanza kabisa, 5/x + 1/2 = 3, na karibu kila mara majibu yanakuja ya aina mbili, kuna wanaoleta x = 2 na kuna wanaoleta x = -7. Hawa wa -7 ukikagua kazi yao unakuta kujumlisha wamejumlisha vizuri, kutoa wametoa vizuri, ila kuna kipande kimoja cha mlinganyo walikiacha nyuma njiani. Nitaonyesha ni kipi, kwa sababu kosa hilo moja ndo limewafanya watu wengi waamini x ikikaa chini hesabu imekuwa ngumu, na mi naumia sana nikimsikia mtoto mwenye akili zake anasema "hii siiwezi" kumbe alichokosa ni mtu wa kumwambia jambo moja dogo kwa lugha anayoielewa.

Nitatumia maneno ya shule ya msingi kwa sababu ndo yanayokaa kichwani. Namba ya juu kwenye sehemu ni kiasi, ya chini ni asili. Kile kigawe kidogo cha shirika tulichokuwa tunatafuta darasa la tano kwa kupanga namba na kuzigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, ndo KDS, na leo kinarudi kazini. Na kwa kuwa hapa naandika kwenye mstari mmoja, alama ya / ndo mstari wa sehemu, yani 3/(x-2) maana yake 3 iko juu na x-2 yote iko chini. We kwenye daftari andika juu na chini kama kawaida, usiandike kwa mkwaju, unapoteza macho.

Kabla ya kugusa chochote: namba zilizokatazwa

Hii hatua wengi wanairuka na mi naiona ni ya kwanza kuliko zote. Ukiona x iko chini, jiulize x ikiwa ngapi asili inakuwa sifuri? Hiyo namba andika pembeni kwa kalamu nyingine, ikatae. Kwenye 5/x, x haiwezi kuwa 0. Kwenye 3/(x-2), x haiwezi kuwa 2. Kwenye 7/(2x+6), fanya 2x+6 = 0, unapata x = -3, kwaiyo -3 imekatazwa. Ukikuta x²-4 chini hiyo ni (x-2)(x+2), zimekatazwa mbili, 2 na -2.

Kwanini inakatazwa? 12 ÷ 4 ni 3 kwa sababu 3 × 4 inarudisha 12. Sasa 12 ÷ 0 iwe ngapi, namba gani ukiizidisha kwa 0 inakurudishia 12? Hamna. Na 0 ÷ 0 je, namba gani ukizidisha kwa 0 unapata 0? Kila namba! Kwaiyo pale hamna jibu kabisa na hapa majibu hayaishi, vyote viwili havifai kufanyia hesabu. Brahmagupta wa India, mwaka 628, aliandika kanuni za kujumlisha na kuzidisha sifuri ambazo tunazitumia mpaka leo, lakini alipofika kwenye kugawa akasema sifuri gawanya kwa sifuri ni sifuri, na hapo ndo alipoteleza. Kama mtu mkubwa vile aliteleza hapo, we usione aibu kuandika onyo pembeni ya daftari.

Ondoa chini, kila mtu apate

Sasa kazi yenyewe. Mlinganyo ni kama mizani ya dukani, alama ya sawasawa ni ile shingo ya katikati. Ukiongeza huku unaongeza na kule, ukizidisha huku unazidisha na kule. Sisi tunataka asili zote zipotee ili tubaki na mlinganyo wa kawaida, kwaiyo tunatafuta KDS ya asili zote alafu tunazidisha KILA kipande kwa hiyo KDS. Kipande ni kile kinachotenganishwa na + au - au =. Hata kama kipande hakina sehemu nacho kinapata, hakuna kipande kinachorukwa.

Twende na lile swali:

5/x + 1/2 = 3

Iliyokatazwa: 0. Asili ni x na 2, KDS ni 2x. Vipande viko vitatu, kwaiyo tutazidisha mara tatu:

2x × 5/x = 10, kwa sababu x ya juu na x ya chini zinakatana zinabaki 2 × 5
2x × 1/2 = x, 2 na 2 zimekatana
2x × 3 = 6x

Tunapata 10 + x = 6x. Peleka x upande mmoja, 10 = 5x, x = 2. Haijakatazwa. Rudisha kwenye swali, 5/2 + 1/2 = 6/2 = 3. Imekubali.

Sasa angalia wenzetu wa -7. Walizidisha 5/x, wakazidisha 1/2, walipofika kwenye 3 wakaona "hii haina sehemu" wakaiacha kama ilivyo. Wakapata 10 + x = 3, x = -7. Hiyo 3 ndo kipande kilichoachwa nyuma. Mzani umewekewa mzigo upande mmoja tu. Ukitaka usisahau, iandike 3/1, mara moja utaona nayo ni sehemu kama wenzake.

Kukrosi: lini ruksa, lini hapana

Watu wanaipenda sana hii ya kuzidisha kwa mshazari, na ni nzuri, lakini ina sharti: upande wa kushoto uwe sehemu MOJA na upande wa kulia uwe sehemu MOJA. Hivi:

3/(x-2) = 5/(x+4)

Zilizokatazwa ni 2 na -4. Krosi: 3(x+4) = 5(x-2). Fungua mabano: 3x + 12 = 5x - 10. Kusanya: 22 = 2x, x = 11. Hakiki: 3/9 ni 1/3, 5/15 ni 1/3. Safi.

Ona nilivyoweka mabano kwenye x+4 na x-2. Mstari wa sehemu wenyewe ni mabano yaliyojificha, ukiutoa lazima mabano yajitokeze. Ukiandika 3x + 4 = 5x - 2 umeipa x peke yake na umeinyima 4 na umeinyima 2, ni kosa lilelile la kuruka kipande, limevaa nguo nyingine tu.

Lakini 5/x + 1/2 = 3/1 huwezi kukrosi moja kwa moja maana kushoto kuna sehemu mbili. Nimeona mtu anakrosi 1/2 na 3/1 alafu 5/x anaibeba vilevile, hapana jamani. Ama unganisha kwanza kushoto iwe sehemu moja, ama tumia KDS. Mimi binafsi nasema jizoeze KDS, inafanya kazi kila mahali, na kukrosi kwenyewe ukiangalia ni KDS tu iliyofupishwa, umezidisha pande zote kwa asili mbili kwa mpigo.

Ile alama ya kutoa mbele ya sehemu

Hapa naomba utulie kidogo.

8/x - (x+1)/(2x) = 2

Iliyokatazwa 0, KDS ni 2x. Kipande cha kwanza: 2x × 8/x = 16. Cha pili: 2x × (x+1)/(2x) inabaki x+1, lakini mbele yake kulikuwa na kutoa, na kutoa kunahusu x na kunahusu 1 pia. Kwaiyo:

16 - (x+1) = 4x
16 - x - 1 = 4x
15 = 5x
x = 3

Hakiki: 8/3 - 4/6, ambayo ni 8/3 - 2/3 = 6/3 = 2. Imekaa. Mtu asiyeweka mabano anaandika 16 - x + 1 = 4x, anapata 17/5, alafu anaanza kulaumu swali. Kama kuna kitu kimoja nimesahihisha mara nyingi kuliko vyote ni hiki, kuliko hata kile cha -7.

Pale jibu linapokuja alafu inabidi ulitupe

Huu ndo utamu wa mada nzima na ndo sababu nikakusumbua na namba zilizokatazwa.

x/(x-3) + 2 = 3/(x-3)

Iliyokatazwa: 3. KDS ni x-3. Zidisha kila kipande: x + 2(x-3) = 3, yani x + 2x - 6 = 3, 3x = 9, x = 3. Hesabu imenyooka kabisa, hamna kosa hata moja, na jibu ni namba tuliyoikataa toka mwanzo! Kwaiyo mlinganyo huu hauna jibu. Andika hivyo hivyo, "hakuna jibu", na hiyo ni kazi iliyokamilika, sio kushindwa.

Sasa 3 imetokea wapi kama sio jibu? Angalia, tulizidisha pande zote kwa x-3. Kama x ni 3, basi tulizidisha pande zote kwa 0. Na ukizidisha kwa 0 hata uongo unageuka ukweli: 5 = 7 ni uongo, zidisha pande zote kwa 0 unapata 0 = 0, ni kweli. Yani kuzidisha kwa kitu chenye x kunaweza kuingiza mgeni ambaye hakualikwa, na ile orodha yako ya pembeni ndo mlinzi wa mlangoni. Bila orodha unampokea mgeni na kumkaribisha kula.

Kuna na yale ambayo moja linabaki moja linatoka:

x/(x-2) = 1/(x+2) + 8/(x²-4)

Usikimbilie kuzidisha asili zote tatu, utapata dude kubwa. Vunja kwanza x²-4 iwe (x-2)(x+2), utaona KDS ni hiyo hiyo (x-2)(x+2). Zilizokatazwa 2 na -2. Zidisha:

x(x+2) = (x-2) + 8
x² + 2x = x + 6
x² + x - 6 = 0

Sasa tunatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa -6 na zikijumlishwa zinatoa 1, ni 3 na -2. Kwaiyo (x+3)(x-2) = 0, x = -3 au x = 2. Hiyo 2 nje. Inabaki -3. Hakiki: kushoto -3/-5 = 3/5, kulia 1/(-1) + 8/5 = -1 + 8/5 = 3/5. Jibu ni -3 peke yake.

Kuna mtego wa upande wa pili pia, badala ya kuongeza mgeni unamfukuza mwenye nyumba. Mfano x²/(x+1) = 3x/(x+1). Ukiondoa asili unabaki na x² = 3x. Wengi hapa wanagawa pande zote kwa x wanapata x = 3 na kufunga daftari. Lakini 0 nayo ni jibu, iweke uone, pande zote zinakuwa 0, na iliyokatazwa hapa ni -1 tu. Ulipogawa kwa x uliipoteza. Usigawe kwa x, leta vyote upande mmoja: x² - 3x = 0, x(x-3) = 0, hapo majibu mawili yote yanaonekana.

Maswali ya maneno, hapa ndo x inaenda chini yenyewe

Mtu anaweza kuuliza hivi nani kaiweka x chini, si wangeiacha juu tu? Ukweli maisha yenyewe ndo yanaiweka. Popote ambapo kitu kinagawanywa kwa idadi usiyoijua, x inashuka chini. Watu wamekodi Hiace kwa sh. 120,000 kwenda harusini, wagawane sawa. Asubuhi ya safari wawili wakaghairi, waliobaki kila mmoja ikabidi aongeze sh. 2,000. Mwanzo walikuwa wangapi?

Waite x. Mwanzo kila mmoja alikuwa alipe 120,000/x. Baada ya wawili kutoka, 120,000/(x-2). Tofauti ni 2,000:

120,000/(x-2) - 120,000/x = 2,000

Zilizokatazwa 0 na 2. Kabla ya KDS fanya uungwana, gawa kila kipande kwa 2,000 namba zipungue (2,000 sio sifuri, kwaiyo huku kugawa hakuna shida):

60/(x-2) - 60/x = 1

KDS ni x(x-2):

60x - 60(x-2) = x(x-2)
60x - 60x + 120 = x² - 2x
x² - 2x - 120 = 0
(x-12)(x+10) = 0

x = 12 au x = -10. Hizi zote hazijakatazwa na asili, lakini watu hawawezi kuwa -10, kwaiyo ni 12. Hakiki na hela: watu 12 ni sh. 10,000 kila mmoja, watu 10 ni sh. 12,000, tofauti 2,000.

Mabomba ni hadithi ileile. Bomba moja linajaza tanki kwa masaa x, la pili linachelewa, linahitaji masaa 3 zaidi, yakifunguliwa pamoja tanki linajaa kwa masaa 2. Kitu cha kushika ni kwamba bomba la masaa x kwa saa moja linajaza 1/x ya tanki, na unachojumlisha ni kazi ya saa moja, sio masaa. 1/x + 1/(x+3) = 1/2. KDS ni 2x(x+3), inakupa 2(x+3) + 2x = x(x+3), yani x² - x - 6 = 0, (x-3)(x+2) = 0, masaa 3 na lingine masaa 6. Na kweli 1/3 + 1/6 = 1/2.

Na fizikia imejaa haya

Rezista mbili zimefungwa sambamba, moja ni omu 6, kwa pamoja zinakuwa kama rezista moja ya omu 4, nyingine ni ngapi? Iite R, kwa kanuni ya sambamba 1/4 = 1/6 + 1/R. Kuna kitu nimekiona kwa watoto wazuri kabisa, wanasema "zipindue zote", wanaandika 4 = 6 + R, R = -2. Huwezi kupindua kipande kimoja kimoja, unapindua upande mzima ukiwa tayari ni sehemu moja. Fanya KDS, 12R: 3R = 2R + 12, R = 12. Au toa kwanza, 1/R = 1/4 - 1/6 = 1/12, SASA pindua, kila upande ni sehemu moja.

Hata ukipewa herufi tupu njia haibadiliki. Lenzi, 1/f = 1/u + 1/v (toka kwenye lenzi, f ni umbali wa fokasi, u umbali wa kitu, v umbali wa taswira), unatakiwa ubaki na v peke yake. KDS ya f, u na v ni fuv. Zidisha: uv = fv + fu. Vyenye v upande mmoja: uv - fv = fu. Toa v nje ya mabano: v(u-f) = fu. Gawa: v = fu/(u-f). Weka f = 10 na u = 15, v ni 150/5 = 30. Na ukiangalia asili unaona u ikilingana na f inakuwa sifuri, yani kitu kikikaa kwenye fokasi yenyewe taswira haipatikani mahali popote. Ile namba iliyokatazwa hapa sio sheria ya mwalimu wala ya kitabu, mwanga wenyewe unaitii.

Jaribu haya manne mwenyewe, bila kuchungulia chini, na kwa kila moja anza na namba zilizokatazwa:

a) 9/x - 1 = 2
b) 2/(x+1) = 3/(x+4)
c) 5/(x-5) = x/(x-5) - 3
d) 1/x + 1/(x+6) = 1/4

Majibu. Ya (a) ni 3, na kama umepata tofauti angalia kama ile -1 ulikumbuka kuizidisha kwa x. Ya (b) ni 5. Ya (c) hesabu inakupeleka kwenye 5 lakini 5 imekatazwa, kwaiyo hakuna jibu. Ya (d) unafika x² - 2x - 24 = 0, majibu ni 6 na -4, na yote mawili yanabaki. Najua kuna mtu ameitupa -4 kwa mazoea ya Hiace. Pale kwenye Hiace tuliitupa -10 kwa sababu x ilikuwa watu, hapa x ni namba tu na hasi haijakatazwa na asili yoyote. Iweke: -1/4 + 1/2 = 1/4.